Ukipita Rumonge, shuka sokoni

WASAFIRI wengi wanaotoka Kigoma kuja Bujumbura huwa na haraka. Basi likisimama Rumonge wananunua maji dirishani, kisha wanarudi kusinzia. Mimi nina ugonjwa mwingine: nikiona soko lazima nishuke. Ninaishi Kibenga, kusini mwa Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, na kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Siku zisizo na vipindi hutafuta sababu ya kusafiri, na mara nyingi sababu hiyo ni kabichi.

Mazoea haya niliyatoa Ulyankulu, mkoani Tabora, nilikozaliwa na kusomeshwa baada ya wazazi wangu kukimbia mwaka 1972. Kule siku ya gulio ilikuwa kama sikukuu. Palikuwa na mahindi, asali, mitumba na samaki wakavu, na wazee wetu walikutana hapo kuulizana habari za nyumbani. Mama alikuwa akitia dagaa wa Kigoma kiganjani na kusema, "Hawa ni ndagala." Sisi tuliosoma kwa Kiswahili tulidhani anataja samaki wengine kabisa.

Nilirejea mwaka 2009, miongoni mwa watu wapatao 53,000 waliorudi katika miaka ile miwili kutoka makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wenzetu zaidi ya 160,000 walichagua kubaki na kuwa raia wa Tanzania. Kirundi changu kilikuwa cha jikoni. Ofisini niliulizwa vyeti, mtaani niliulizwa ukoo. Sokoni niliulizwa nataka kilo ngapi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mchicha ni lengalenga, kisamvu ni isombe, na kwamba mgebuka wa Kigoma akivuka mpaka anaitwa mukeke. Neno "gabanya" halikunipa taabu, maana ni lile lile pande zote mbili.

Mgeni aliyeijua Bujumbura ya zamani huuliza kwanza Soko Kuu la katikati ya mji. Liliteketea Jumapili ya Januari 27, 2013, na waliopoteza mitaji yao wakatawanyika. Biashara ikahamia masoko ya mitaani: Ruvumera kule Buyenzi, ambako utasikia Kiswahili kama uko Ujiji, Ngagara, Kanyosha, na Kinindo ambao ni majirani zetu. Hata Kibenga, alfajiri utawaona akina mama waliotoka milimani na vikapu vya mboga kichwani, miguu yao ikiwa bado na udongo mwekundu. Lakini hiyo ni mboga iliyokwisha kushuka. Raha yenyewe ni kuifuata ilikotoka.

Panda barabara ya Gitega hadi Bugarama, kilomita kama 35 tu kutoka mjini. Ziwa letu lipo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bugarama imepita mita 2,000. Anayetoka Kibenga na shati la mikono mifupi atatetemeka. Kuna ukungu, na ndani ya ukungu kuna kabichi, karoti, viazi na vitunguu vya majani vilivyopangwa kando ya lami. Gari halijasimama vizuri, wauzaji wameshalizunguka. Usinunulie dirishani, msomaji. Bei ya dirishani ni ya mtu mwenye haraka, na tena hutaambiwa chochote. Mimi niliteremka, na mama mmoja akanikataza kununua viazi vyake mwenyewe. Alinieleza kwa Kirundi cha polepole, kama anayemsemesha mtoto: "Mwalimu, hivi vimechimbwa na mvua. Ukivifikisha kwenye joto lenu vitaoza kabla ya Jumapili. Chukua vya dada yangu pale." Ni duka gani la mjini litakalokwambia hivyo?

Barabara ya pili inafuata ziwa kwenda kusini, kilomita zipatazo 70 hadi Rumonge. Huku nchi ni nyingine: ndizi, mihogo, michikichi na samaki. Wanaokuja kununua ndagala waangalie kwanza mbingu. Wavuvi huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta samaki, hivyo mitumbwi hupumzika. Atakayefika siku hizo atarudi na magunia matupu, au atalipa bei ya kuumiza. Pia kuna amri za serikali: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Na beba kikapu chako, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Burundi na pia Tanzania, ambako marufuku ilianza Juni 1, 2019. Anayevuka Mugina kwenda Manyovu na mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 aulizie cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi hulipa ushuru kwa kutokijua tu.

Mimi Rumonge nafuata mawese. Marehemu baba alizaliwa kwenye kilima kimoja huko, na shamba lake la michikichi lilichukuliwa baada ya kukimbia. Tuliporudi tulizunguka na karatasi zetu ofisi hadi ofisi kwa miaka mingi, wala hatukulipata. Wanaolilima sasa wamezaliwa pale pale na hawana kwingine pa kwenda. Nimekwisha kuwachukia, nikachoka kuwachukia. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanajua ninachosema.

Siku moja kijana muuza mawese aliniambia bila kuulizwa kwamba mafuta yake ni ya kilima kile. Nikanyamaza, nikajaza dumu la lita tano. Yalikuwa mekundu, mazito, yenye harufu ambayo mama alikuwa akituhadithia Ulyankulu tukila maharage ya kuchemsha na chumvi. Nilipomfikishia hakuuliza yametoka wapi. Aliyanusa kwanza, akakaa kimya, kisha akaomba sufuria.

Tangu hapo naenda kwa kijana yule kila petroli ikipatikana, na miaka ya karibuni haipatikani kirahisi. Safari iliyopita aliniongezea chupa nzima bure, akasema mteja wa kudumu haondoki hivi hivi. Halafu akaniuliza nyumbani kwangu ni wapi.

Nikamwambia Kibenga.