Miezi 14 kwa Mchezo wa Kidole Kimoja

Siku hizi nyumba nyingi zina simu yenye michezo, na wazazi huwaona watoto wao wakisukumasukuma vidole juu ya kioo hata chakula kikapoa mezani. Juu ya watoto na simu mengi yamekwisha kusemwa. Leo twataka kutazama upande wa pili wa kioo hicho: ni nani autengenezaye mchezo ule, humchukua muda gani, naye hula nini wakati anapoutengeneza? Yafaa tujue, maana vijana wetu nao wameanza kusema, "Mimi nitakuwa mtengenezaji wa michezo," na mzazi hana budi kuwa na jibu.

Watengenezaji wako wa namna mbili. Wako walioajiriwa na makampuni makubwa, wapokeao mshahara kila mwisho wa mwezi. Tena wako wanaojitegemea: mtu mmoja, au wawili watatu, wasio na bwana wala mshahara. Mmoja huandika programu, yaani maagizo ambayo simu huyafuata. Mwingine ni mchoraji, naye huchora kila kitu kionekanacho, hata kitufe kidogo cha kuanzia. Hao wa namna ya pili ndio tutakaowasimulia. Kwa mfano tumchukue mchoraji mmoja wa Marekani, Bwana Greg Wohlwend, pamoja na wenzake aliofanya nao kazi.

KULALA KWA MARAFIKI

Mwaka 2010 Bwana Wohlwend na mwenziwe, Bwana Mike Boxleiter, walitoa mchezo uitwao Solipskier. Ulipendwa, ukawaletea fedha za kuwapa moyo. Basi wakaanza mchezo mwingine, Gasketball, wa kurusha mpira kikapuni. Kazi ikavuta mwezi baada ya mwezi, akiba ikapungua hata ikakauka, na watu wazima hao wawili, wenye ufundi mikononi mwao, wakawa hawana nyumba. Walilala katika makochi ya marafiki zao huku wakiimalizia kazi.

Gasketball ulitoka mwaka 2012. Waliutoa bure, kwa tumaini kwamba mtu akiupenda atalipa kidogo ili apate sehemu zilizobaki. Watu wengi sana waliuchukua. Walakini katika kila watu 100 waliouchukua, waliolipa hawakutimia hata mmoja. Kusifiwa walisifiwa, lakini sifa hazilipi kodi ya nyumba.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii. Fundi wa cherehani akishona suruali hulipwa suruali ile. Mkulima akivuna mahindi ajua debe moja ni bei gani. Mtengenezaji wa michezo hufanya kazi mwaka mzima, hata miwili, pasipo kujua kama kuna mtu atakayekitaka kitu chake.

HESABU YA DUKA

Tutazame hesabu yenyewe. Mchezo wa simu hauuzwi sokoni kwa mkono. Huuzwa katika maduka ya intaneti, na makubwa ni mawili, la Apple na la Google. Atakaye kuuza katika duka la Apple hulipa ada ya dola 99 kila mwaka. Tena kwa miaka mingi duka lilikuwa likikata sehemu 30 katika kila 100 ya bei. Mwaka 2021 makato yalipunguzwa hata kufika sehemu 15 kwa watengenezaji wadogo, wale wasiopata zaidi ya dola 1,000,000 kwa mwaka.

Mchezo ukiuzwa dola 1 na senti 99, katika hesabu ile ya zamani duka lachukua karibu senti 60, na kiasi cha dola 1 na senti 39 hubaki. Fedha hiyo yagawanywa kati ya mwandishi wa programu, mchoraji na mtunga muziki, na kila mmoja alipe kodi ya serikali katika fungu lake. Ukitaka kujua ni watu wangapi lazima wanunue ili watu watatu wale kwa mwaka mmoja, chukua kalamu ujihesabie. Utaona kwamba si mamia, ni makumi ya maelfu.

JINSI MIEZI 14 ILIVYOPITA

Mwaka 2012 Bwana Wohlwend alikuwa pia ametoa mchezo mwingine pamoja na kijana Asher Vollmer. Baada yake hao wawili wakaanza mchezo wa tarakimu, nao wakauita Threes, maana yake Tatu-tatu. Bwana Vollmer aliandika programu, Bwana Wohlwend alichora, na muziki uliwekwa na Bwana Jimmy Hinson.

Mchezo wenyewe ni rahisi hata mtoto wa darasa la pili aweza kufundishwa. Kuna miraba 16, minne kwa minne, yenye kadi za tarakimu. Ukisukuma kwa kidole, kadi zote zasogea pamoja. Moja na mbili zikikutana huwa tatu. Tatu na tatu huwa sita, sita na sita huwa kumi na mbili, na kuendelea. Kila ukisukuma, kadi mpya yaingia. Miraba ikijaa, nawe huna pa kusukuma, mchezo umekwisha.

Msomaji atauliza, basi kwa nini ichukue miezi 14? Jibu ni kwamba mafundi hawa hawakuridhika. Waliogopa kwamba tarakimu tupu zitawachosha watu, wakatafuta vazi la kuzivika. Walijaribu sura ya sushi, yaani vipande vya wali na samaki vya Kijapani. Walijaribu vipande vya sataranji. Walijaribu na mavazi mengine, na kila vazi jipya lilimtaka mchoraji achore upya. Mwishowe walirudi kwenye tarakimu zilezile za kwanza, lakini sasa kila kadi ikapewa uso mdogo na sauti yake, hata mchezaji akaziona kama jamaa.

Aliyezoea kusahihisha insha za watoto ataelewa. Mtoto huongeza maneno akidhani insha imekuwa nzuri, na kazi ya mwalimu ni kumwonyesha yale ya kufutwa. Aisomaye insha iliyosafishwa haoni yaliyofutwa, naye hudhani iliandikwa kwa saa moja. Vivyo hivyo mchezo huu. Miezi mingi ilikwenda katika mambo yaliyotupwa, na mchezaji hakuyaona hata kidogo.

SIKU MBILI ZA MTU MWINGINE

Threes ulitoka tarehe 6 Februari 2014, kwa bei ile ya dola 1 na senti 99. Ukapokelewa kwa shangwe. Lakini baada ya majuma machache tu ilitokea michezo ya kuiga, na mingi ilitolewa bure. Mmoja uliitwa 1024. Kisha tarehe 9 Machi 2014 kijana wa Kiitalia wa miaka 19, Gabriele Cirulli, alitoa mchezo uitwao 2048, ambao aliufanya kwa siku za mwisho wa juma moja. Kabla juma halijapita, watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wameucheza.

Ni haki kusema kwamba kijana huyo hakuficha alipolitoa wazo lake, wala hapo mwanzo hakutoza mtu hata senti. Alifanya kwa kujifunza na kujifurahisha. Hata hivyo fikirini uchungu wa mabwana wale waliposikia watu wakisema kwamba Threes ndio ulioiga 2048! Mtu amelima, amepanda, amepalilia, kisha wapita njia wamwambia shamba ni la jirani.

Kwa Bwana Wohlwend hili halikuwa jambo geni. Alikuwa amechora mchezo wa kuvua samaki, Ridiculous Fishing, pamoja na Bwana Zach Gage na mabwana wawili wa Uholanzi, Rami Ismail na Jan Willem Nijman. Mwaka 2011, wangali wakiutengeneza, wengine walichukua wazo lake na kuwatangulia sokoni. Walivunjika moyo sana, karibu kazi ife. Lakini waliendelea, wakautoa Machi 2013, na mwisho wa mwaka huo Apple iliutaja kuwa mchezo bora wa iPhone.

Wengine watauliza kama hakuna sheria. Sheria ya Marekani ya haki za kunakili yalinda michoro, muziki na maandishi ya programu. Haizilindi kanuni za mchezo wala wazo lake. Mwaka 2012 mahakama ya New Jersey iliamua kwamba kampuni moja ilivunja sheria kwa kutoa mchezo wa iPhone wenye sura ileile ya Tetris. Kosa lilikuwa katika kuichukua sura. Kwa hiyo katika kazi ya wawili, ya mchoraji hupata ulinzi, na wazo la mbunifu hubaki nje kama kuku asiye na banda.

Basi mabwana wa Threes walifanyaje? Hawakutukana mtu. Tarehe 27 Machi 2014 walitangaza mbele ya watu wote barua walizoandikiana wakati wa kazi, maneno zaidi ya 45,000, pamoja na michoro iliyotupwa, ili kila atakaye aone njia waliyopita. Mwisho wa mwaka huo Apple ikautaja Threes kuwa mchezo bora wa iPhone wa 2014. Walakini wateja wa bure ni wengi, na mwaka 2015 walitoa namna nyingine ya Threes isiyouzwa, yenye matangazo ya biashara.

TUWAAMBIE NINI VIJANA?

Vijana wengi husikia habari ya Bwana Dong Nguyen wa Hanoi, Vietnam. Yeye alitengeneza Flappy Bird kwa siku chache, akautoa Mei 2013, wala watu hawakuujali. Januari 2014 ghafula ukashika nafasi ya kwanza, na habari zikasema matangazo yalimpatia dola 50,000 kwa siku. Lakini ni wachache wamaliziao hadithi hiyo. Tarehe 9 Februari 2014, siku tatu tu baada ya Threes kutoka, aliuondoa dukani kwa mkono wake, akisema kwamba umewanasa watu na umekuwa tatizo. Bahati ile haikumpa amani. Tena bahati si ufundi, huwezi kumfundisha mtu.

Ufundi wenyewe hufundishika, nao una heshima yake. Kijana ajuaye kuchora vizuri, au kuandika programu, ana chombo cha kumlisha hata kama mchezo wake hautauzwa: aweza kuchorea vitabu, kupamba matangazo, kutengeneza programu za maduka na mashule. Basi tusimkataze. Tumwambie ajifunze ufundi kwanza, na awe na kazi nyingine ya kumpatia riziki wakati mchezo wake ungali jikoni. Kabla ya kuanza aandike ni miezi mingapi na fedha kiasi gani atatoa, awaonyeshe mkewe au wazazi wake, na siku hiyo ikifika asiwafiche hesabu. Tena akitumia wazo la mwenziwe, amtaje waziwazi.

Asidhani pia kwamba akishinda mara moja amekwisha kufika. Bwana Wohlwend, baada ya kuwa katika michezo miwili iliyotajwa kuwa bora miaka miwili mfululizo, mwaka 2017 alitoa na wenzake mchezo wa TumbleSeed. Baada ya mwezi mmoja hivi wao wenyewe walieleza hadharani kwamba huenda gharama zisirudi. Mwenye kazi hii huanza upya kila mara.

Nasi tulio upande huu wa kioo tuna neno letu. Mtoto akiomba mchezo, na mwenye kuubuni anauza kwa bei ya soda chache, na mfuko waruhusu, tumnunulie ule wa asili kuliko kuchukua wa kuiga kwa sababu tu ni wa bure. Kisha tumwambie mtoto kwamba nyuma ya vile vijiuso vinavyocheka kuna mtu aliyevichora, akavifuta, akavichora tena miezi 14, na kwamba senti zile ni ujira wake.