Je, Wajua? Kisigino na Spoku

Mtoto aliyepakiwa kwenye keria anaweza kuumia vibaya hata baiskeli isipoanguka. Mguu unaoning'inia ukiteleza kwenye spoku, gurudumu huuvuta na kuubana kwenye fremu. Ngozi ya kisigino huchunika, pengine hata mfupa huvunjika. Kidonda cha hapo huchelewa sana kupona, na ndala hazizuii kitu.

Kwa hiyo mzazi anayekatiza Jangwani kwenda Kariakoo, huku magari yakimpita kwenye Barabara ya Morogoro, amfunge mwanawe kwenye kiti chenye mikanda na pa kukanyagia, na gurudumu lizibwe ubavuni. Aliye chini ya mwaka mmoja asipandishwe kabisa, hata mgongoni kwa kanga: shingo yake haijakomaa kuhimili mitikisiko, wala uzito wa helmeti.