Onesho la sanaa za Asia Kusini chuoni: Mtu wa Mangapwani atafika vipi?

Wanafunzi wakikaa kupanga onesho la ngoma na muziki wa Asia Kusini, swali la kwanza huwa ni nani atacheza. La pili ni nguo. Lipo na la tatu, ambalo ni rahisi kusahaulika: nani atakuja kutazama, na atarudi vipi nyumbani?

Kwa Unguja, hilo la tatu ndilo linaloamua kama onesho ni la kisiwa au ni la watu wa chuo peke yao.

Mchukulie kijana wa Mangapwani, kijiji cha pwani ya magharibi, kama kilomita 20 kaskazini mwa Mji Mkongwe. Chuo cha IIT Madras Zanzibar kiko Bweleo, upande wa kusini wa mji. Kufika huko atapanda daladala mpaka mjini, ashuke, atafute nyingine. Onesho likiisha saa 4 usiku, gari ya kurudi kijijini ni ya kubahatisha. Basi haji.

Haya ndiyo mambo ya kujua kabla ya kutundika bango la kwanza.

Kwa nini jambo hili limekuja sasa

Julai 2023, Zanzibar na India zilitia saini makubaliano ya kufungua tawi la IIT Madras hapa Unguja. Masomo yalianza mwaka huohuo, na Novemba Rais Hussein Mwinyi akakizindua chuo. Ni tawi la kwanza la IIT nje ya India. Mkurugenzi wake wa kwanza, Profesa Preeti Aghalayam, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT.

Wanasoma sayansi ya data na akili bandia, lakini chuo mama cha Chennai kina mila nyingine: Saarang, tamasha la utamaduni la kila Januari linaloendeshwa na wanafunzi wenyewe, kuanzia kutafuta wadhamini mpaka kupanga viti.

Mila hiyo haiko India tu. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wanafunzi huandaa kila mwaka onesho la sanaa za Asia Kusini liitwalo Ghungroo. Neno hilo maana yake ni njuga, zile zile zinazofungwa miguuni kwenye ngoma nyingi za kwetu.

Tofauti ni moja. Marekani, onesho kama hilo linawatambulisha watazamaji kwa kitu cha mbali. Unguja, nusu ya kitu chenyewe kipo tayari.

Tabla si mgeni hapa

Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walisafiri mpaka Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya HMV. Safari hiyo iliifanya sauti ya Unguja isikike kwenye santuri pwani nzima.

Taarab yenyewe ilichota pande mbili. Misri ilitoa ganuni, udi na mtindo wa okestra. India ilitoa tabla na, filamu zilipoingia, ikatoa na mahadhi. Zipo nyimbo za taarab ambazo sauti yake imetoka moja kwa moja kwenye filamu za Kihindi, maneno yakawekwa ya Kiswahili. Mwenye bibi aliyekulia mjini miaka ya 50 amuulize habari za Raj Kapoor. Atamwimbia bila kujua Kihindi.

Na ukisema "laki", "gari" au "hundi", umeshatumia maneno yaliyotoka India.

Mtiririko ulikuwa wa pande zote. Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, akapelekwa skuli ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, India. Huko yeye na wanafunzi wenzake wakaunda bendi, The Hectics. Walipiga roki, si muziki wa Kihindi, lakini mtoto wa Unguja aliizoea jukwaa kwenye maonesho ya wanafunzi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, familia nyingi zenye asili ya Asia ziliondoka, na walimu na wapigaji wakaondoka nazo. Kwa hiyo mwanafunzi anayepiga tabla leo Bweleo si kwamba analeta jipya. Anarudisha kipande kilichopungua.

Nini kiwekwe jukwaani

Kosa rahisi ni kuifanya "Asia Kusini" iwe Bollywood kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Eneo hilo lina Pakistan, Bangladesh, Sri Lanka, Nepal, Bhutan na Maldivi pia, na India yenyewe si moja.

- Bharatanatyam ni ya kusini mwa India, Tamil Nadu, ambako ndiko IIT Madras ilipo. Mchezaji husimulia kisa kwa vidole, macho na kishindo cha nyayo.
- Kathak ni ya kaskazini. Ina mizunguko ya kasi na njuga nyingi.
- Garba ya Gujarat huchezwa kwa duara. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2023.
- Bhangra ni ya Punjab, ngoma ya wakulima, inakwenda na ngoma kubwa iitwayo dhol.
- Kawali ni uimbaji wa Kisufi wa Pakistan na India, kwa hamoniamu, tabla na makofi.

Kwa mtazamaji wa Unguja, kawali ndiyo itakayoingia haraka. Muimbaji anarudia ubeti, sauti inapanda, watu wananyanyuka kumtunza pesa. Nani asiyejua kutunza kwenye taarab?

Kingine cha kufikiria ni dini. Garba asili yake ni ibada ya siku tisa za Navratri, na Bharatanatyam mara nyingi hufunguliwa kwa dua kwa miungu ya Kihindu. Watazamaji wengi watakuwa Waislamu. Hakuna haja ya kuficha wala kukwaruzana. MC aeleze kwa Kiswahili, sentensi mbili, ngoma hii ni nini na inatoka wapi. Mtu akiambiwa mapema anatazama kwa heshima. Akigundua katikati, anahisi amepelekwa asikokujua.

Halafu, wawekeni wenyeji ndani ya programu, si pembeni kama wakaribishaji wageni. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kinafundisha taarab Mji Mkongwe tangu 2002. Kidumbak na tabla wakikutana kwenye kipande kimoja, dakika sita tu, watu watakizungumza wiki nzima.

Ruhusa: usiache mpaka siku tatu za mwisho

Onesho la ndani ya darasa ni jambo la chuo. Mkialika umma, mambo yanabadilika.

Anzeni na uongozi wa chuo, kwa barua, kupitia ofisi ya wanafunzi. Kisha sheha wa eneo, ambaye ndiye anayejua kama siku hiyo kuna harusi, msiba au maulidi jirani. Kwa sanaa za jukwaani Zanzibar, msimamizi ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yaani BASSFU. Waulizeni mapema kama onesho lenu linahitaji kibali, na muwape orodha ya vipande na maelezo ya mavazi. Kuhusu mavazi, kuweni wazi. Nguo ya jukwaa inayoonekana kawaida kwenye video inaweza kuleta maneno hapa, na ni bora maneno hayo yatoke kwenye kikao kuliko siku yenyewe.

Nyimbo zina wenyewe pia. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kucheza wimbo wa filamu mbele ya watu waliolipa kiingilio si sawa na kuusikiliza chumbani.

Kalenda na saa

Tarehe ikikosewa, hakuna tangazo litakaloiokoa.

Ramadhani haiguswi, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11, kwa hiyo msinakili tarehe ya mwaka jana. Februari mjini kuna Sauti za Busara. Machi mpaka Mei ni masika, jukwaa la wazi ni kamari. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, na ni wakati mzuri, ila vuli nayo inaweza kuwa imeanza.

Sasa saa. Tuseme mna vipande 12, kila kimoja dakika 6. Hiyo ni dakika 72. Kubadilisha jukwaa mara 11, dakika 3 kila mara, ni 33. Ongeza hotuba na salamu, dakika 15. Jumla ni saa mbili kamili, bila hitilafu hata moja. Na hitilafu ipo.

Mkianza saa 10:30 jioni, baada ya sala ya alasiri, saa 12:30 mko kwenye magharibi. Kwa hiyo ama mpunguze vipande viwe 10, ama mpange mapumziko ya sala na kumalizia baadaye. Kupunguza ndiko kunakomsaidia wa mbali.

Vitu vidogo vinavyoharibu onesho

Sakafu kwanza. Kathak na Bharatanatyam huchezwa miguu mitupu kwa kishindo. Zege linaumiza magoti na linaua sauti ya njuga. Tafuteni mbao.

Maikrofoni za tabla na hamoniamu zijaribiwe siku moja kabla, si wakati watu wanaingia. Jenereta iwepo, na mafuta yawe ndani. Nyimbo za kuchezea ziwe kwenye simu mbili na kompyuta moja, maana intaneti ikikatika hakuna atakayesubiri.

Pesa nyingi zitakwenda kwenye spika, taa na usafiri. Nguo zinaweza kuazimwa. Hina ya wachezaji haihitaji kuagizwa popote, wapakaji wapo kila mtaa.

Mangapwani tena

Njia ya kwanza ni kukodi basi. Litoke Bumbwini, lipite Mangapwani na Bububu, lirudishe watu usiku huohuo. Gharama yake iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, sawa na spika.

Njia ya pili ni kulipeleka onesho lenyewe: vipande vinne, tabla moja, kidumbak cha kijijini, Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa skuli. Bila taa, bila kiingilio.

Mangapwani ina la kusema kuhusu bahari hiyo. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa Omani, na jina la kijiji limebeba safari za majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi. Kijijini kuna chumba kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, kinachoelezwa kuwa kilitumika kuficha watumwa baada ya soko la watumwa la mjini kufungwa mwaka 1873. Na misafara mingi ya karne hiyo iliendeshwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini.

Kwa hiyo MC akisimama kusema bahari ilituunganisha, watu wa Mangapwani wanajua iliunganisha na nini kingine. Onesho zuri halihitaji kulitolea hilo hotuba ndefu, linahitaji tu kutolifuta. Dakika mbili za mzee wa kijiji kueleza pahali paitwavyo na palivyopita, kabla ya tabla kuanza, zinatosha.

Basi likishajaa na sheha akishapewa taarifa, rudini kwenye swali la kwanza: nani atacheza? Huenda jibu likawa limebadilika.