Gunia Moja, Vipimo Viwili

Mteja mpya akija ofisini kwangu Namanga, upande wa Tanzania, huuliza kwanza ushuru wa mahindi ni kiasi gani. Mimi ni wakala wa forodha. Namjibu kwamba hakuna: tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, mahindi ya Tanzania yenye cheti cha uasilia huingia Kenya bure. Uso unamchangamka. Kisha naanza kumtajia vyeti vingine.

Kikubwa ni cha sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu yake, na malori yakakwama hapa. Siku chache baadaye yaliruhusiwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena ithibitishwe kuwa sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Sitaki kipimo kifutwe. Mwaka 2004 sumu hii iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua wengine Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi.

Ninachokipinga ni kupima mara mbili. Gunia huchomwa bambo kwetu, sampuli hupimwa, cheti hutolewa. Likivuka, linaweza kuchomwa tena, ingawa kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kimoja, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Lori likisubiri majibu, mvua ikanyesha na turubai likavuja, mahindi yaliyofika makavu yanaloa. Hapo ndipo kuvu huota. Ukaguzi wa kulinda mlaji unaweza kumharibia chakula chake.

Oktoba 2022, Marais Samia na Ruto walipokutana Dar es Salaam, ilielezwa kuwa vikwazo 54 kati ya 68 visivyo vya kiushuru vimeondolewa. Ni hatua ya kweli. Sasa kila upande uyaamini majibu ya maabara ya mwenzake.

Mama anayevusha mzigo usiozidi dola 2,000 hupata cheti chepesi cha uasilia mpakani bila kunilipa mimi, nami nafurahi. Lakini ada ya maabara haimpungukii kwa kuwa magunia yake ni machache. Nawashauri akina mama hao waungane, wakaushe na kupima pamoja ghalani, kabla hawajakodi lori.