Pistole ya rangi kwa kazi ya ngozi: maswali kabla ya kufungua sanduku

Lac Vert, magharibi mwa Goma kwenye barabara ya kwenda Sake, mashamba ni madogo na mawe ya volkeno ni mengi. Familia nyingi zilizokimbia vita huko Masisi zilifika na ujuzi wa mifugo, lakini bila ng'ombe. Kwa hiyo si ajabu kikundi cha wakulima kikianza kufikiria ngozi: mikanda, sandali, mifuko, majalada ya Biblia. Na kazi ikianza kwenda vizuri, siku moja mwanamemba atasimama kwenye mkutano aseme: "Tununue ile pistole ndogo ya kupulizia rangi, vitu vyetu vifanane na vya dukani."

Wazo si baya. Lakini sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na pesa iliyo ndani ni ya mbegu, ya dawa, ya minervali ya watoto. Tuulizane kwanza maswali machache.

Je, mnaihitaji kweli?

Kama mkanda ni wa rangi moja, mweusi mtupu au kahawia mtupu, sponji au kitambaa cha pamba kinatosha. Kinaingiza rangi vizuri na hakiombi umeme. Pistole inaleta faida kwa kazi tatu: kufifisha rangi kidogo kidogo kutoka ukingo mweusi hadi katikati nyeupe, kupuliza mchoro juu ya karatasi iliyokatwa, na kutoa vitu vingi vinavyofanana kabisa. Kwa mchoro, plastiki ya faili ya zamani inakatwa vizuri na inadumu kuliko karatasi.

Jambo lingine: pistole haifichi ngozi mbaya. Alama ya kisu cha mchinjaji, kovu la chuma cha moto, vidonda vya kupe, vyote vinaonekana zaidi rangi ikiwa nyembamba. Mfugaji anayeogesha ng'ombe wake dhidi ya kupe, na mchinjaji anayechuna polepole na kutia chumvi saa chache baada ya kuchuna, wamefanya nusu ya kazi ya rangi.

Rangi ndiyo inachagua pistole

Watu wengi wananunua pistole, kisha wanatafuta rangi. Geuzeni. Amueni rangi kwanza.

Rangi ya spiriti ni nyepesi kama maji, inaingia ndani ya ngozi, inakauka upesi. Inapita vizuri hata kwenye tundu dogo. Ubaya wake ni mvuke na moto, tutarudi hapo. Tena inaweza kuvimbisha vimpira vidogo vilivyo ndani ya pistole, kwa hiyo ulizeni kama vimpira hivyo vinavumilia spiriti.

Rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ngozi inakaa juu, ina unga mzito zaidi, na inaziba tundu dogo. Inahitaji kuchujwa kwa kitambaa laini na kupunguzwa kidogo.

Rangi ya nyumba au ya gari, hapana. Inapasuka pale sandali inapokunjika. Na ngozi iliyokwisha kupakwa sira ya viatu au nta haishiki rangi mpaka isafishwe.

Ukubwa wa tundu unahesabiwa kwa milimita. Tundu la 0.2 ni la mistari myembamba sana, na akriliki italiziba kila mara. La 0.3 ni zuri kwa spiriti na kwa michoro midogo. La 0.5 ni zuri kwa akriliki na kwa eneo pana kama mfuko. Pistole inayouzwa pamoja na sindano na pua za 0.3 na 0.5 inatosha kwa kazi zote za kikundi.

Kibonyezo kimoja au viwili?

Kuna pistole ya tendo moja: unabonyeza, hewa na rangi vinatoka pamoja, na wingi wa rangi unapangwa kwa skrubu. Anayejifunza anaizoea siku hiyo hiyo. Kuna ya matendo mawili: unabonyeza chini upate hewa, unavuta nyuma upate rangi. Hii inataka mazoezi ya wiki kadhaa, lakini ndiyo inayofifisha rangi vizuri. Kama mnataka kufifisha, chukueni ya matendo mawili. Kama ni michoro ya kukata tu, ya tendo moja inatosha.

Tazameni pia mahali rangi inapokaa. Kikombe kikiwa juu, rangi inashuka yenyewe, hewa kidogo inatosha, na rangi haipotei sana. Chupa ikiwa chini, inabeba rangi nyingi na kubadilisha chupa ni haraka, lakini inataka hewa yenye nguvu zaidi. Kwa mahali ambapo hewa na umeme ni vya shida, sisi tunashauri kikombe cha juu.

Hewa ndiyo gharama yenyewe

Pistole inafanya kazi kati ya bar 1 na bar 2, yaani kati ya psi 15 na 30. Hewa hiyo itatoka wapi?

Kompresere ndogo ya kazi hii nyingi hutumia wati 100 hadi 200. Lakini injini ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa zaidi, kwa muda mfupi. Kwa hiyo inverta ya sola iliyoandikwa wati 300 inaweza kukataa kuiwasha. Ijaribuni pamoja na inverta yenu kabla ya kulipa. Chagueni yenye tanki, yenye saa ya presha na kifaa cha kuipunguza, na kichujio cha maji. Bila kichujio, matone ya maji yataruka juu ya ngozi na kuacha madoa.

Kuna njia ya pili: gurudumu la akiba la gari, likiwa kwenye rimu yake, na mpira wa kuliunganisha na pistole kupitia kifaa cha kupunguza presha. Chukudu inalipeleka kwa fundi wa pompi, linarudi limejaa. Hesabu yake ni hii: gurudumu la lita 35 likishuka kutoka bar 3 hadi 1.5 linatoa hewa kama lita 50. Pistole ikila lita 12 kwa dakika, mna dakika nne za kupuliza mfululizo. Ni kidogo, lakini mpulizaji hupuliza kwa vipande vifupi, na kwa kujifunza au kwa oda ndogo inasaidia. Msizidishe kamwe presha iliyoandikwa ubavuni mwa gurudumu.

Mapafu na moto

Hapa hakuna mchezo. Nyumba nyingi za Lac Vert ni za mbao na zimekaribiana. Ukungu wa spiriti ukikutana na mbabula yenye makala, moto unaruka. Pulizieni nje au chini ya paa lisilo na kuta, mbali na mbabula, taa ya mafuta na sigara. Mama mwenye mtoto mgongoni asipulizie, na asikae karibu.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Kwa spiriti inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichungio vya makaa, na vichungio vinabadilishwa ukianza kusikia harufu. Kwa akriliki hakuna hatari kubwa ya moto, lakini ukungu wake pia unaingia mapafuni, kwa hiyo barakoa ya vumbi nzito ni lazima. Kama pesa haitoshi kununua barakoa, pesa ya pistole bado haijatosha.

Maji na vumbi letu

Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi nyingi. Yakikauka yanaacha weupe. Msiyatumie kupunguza rangi wala kuoshea pua ya pistole. Tumieni maji ya mvua yaliyotulia na kuchujwa. Vumbi jeusi la volkeno nalo linaziba tundu na kukwaruza sindano, kwa hiyo pistole ilale ndani ya kopo lenye kifuniko. Isafisheni kila mnapobadilisha rangi na kila mnapomaliza: maji kwa akriliki, spiriti kwa spiriti.

Siku ya kununua

Viringisheni sindano juu ya kioo: ikirukaruka imepinda. Pitisheni maji: mapovu yakitokea ndani ya kikombe, pua haikukaa vizuri au imepasuka. Majina kama Iwata ya Japani, Paasche na Badger za Marekani yanajulikana, lakini swali kubwa ni moja: sindano na pua za akiba zinapatikana wapi? Pua ni kadogo, inavunjika kwa kukazwa kupita kiasi. Nunueni mbili za akiba siku hiyo hiyo.

Hesabu ya mkutano

Tuseme, kwa mfano tu, pistole, kompresere na barakoa vinafika dola 150, na mkanda uliopuliziwa unaongeza faida ya dola 1.5 juu ya ule wa sponji. Mikanda 100 ndiyo inarudisha pesa. Mkiuza 8 kwa mwezi, ni zaidi ya mwaka mzima. Mkianza na pistole na barakoa kwa dola 60, na hewa ya gurudumu, mikanda 40 inatosha, yaani miezi mitano, ukiacha pesa ya fundi wa pompi. Wekeni bei zenu halisi mahali pa hizi.

Mkikubaliana kununua, andikeni kwenye daftari kabla kufuli hazijafunguliwa: nani anaitunza, nani anaisafisha, nani anaruhusiwa kuitumia, na mkanda wa ngapi utakuwa umerudisha pesa ya wanamemba.