Neno "Ace" na Matumizi Yake

Wengi wanaojifunza Kiingereza hukutana na neno "ace", ambalo hutamkwa "eisi". Wakifunua kamusi, huliona kuwa ni jina la karata yenye alama moja, ile tuiitayo ree. Kisha husikia Mwingereza akisema mwanafunzi fulani "aced" mtihani, nao hushangaa karata na mtihani vimekutana wapi. Yafaa tulieleze.

Asili yake ni neno la Kilatini "as", maana yake kitu kimoja kizima. Lilipitia Kifaransa hata likafika Uingereza, likawa jina la upande wa dadu wenye tone moja. Katika dadu moja ni hesabu ya chini kabisa, basi neno hilo lilitajwa kwa bahati mbaya. Lakini katika michezo mingi ya karata ree humpita hata mfalme, na hivyo aliyekuwa wa mwisho akawa wa kwanza. Katika vita vya 1914 hata 1918, Wafaransa walimwita kwa jina hilo rubani aliyeangusha ndege tano za adui au zaidi. Katika tenisi nako ni mpira wa kuanzia ambao mpinzani hakuweza kuugusa. Katikati ya karne ya 20 wanafunzi wa Marekani walilitumia kama kitendo, yaani kufanya mtihani vizuri mno.

Pana mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, maana yake si kufaulu tu. Aliyepata alama za kutosha amefaulu. Lakini neno hili ni la yule aliyejibu karibu yote sawasawa. Pili, ni neno la mazungumzo ya marafiki. Mtu aombaye kazi akiliandika katika barua yake, aweza kudhaniwa hajui mahali pa maneno, ingawa sifa zake ni za kweli. Huko yampasa kutumia "excel", au kutaja alama alizopata.

Katika Kiswahili neno lililo karibu nalo ni kutia fora, ambalo nalo hutumika sana katika michezo na mashindano. Tofauti ni kwamba "ace" hufuatwa mara moja na jambo lililofanywa, bali sisi husema fulani ametia fora katika mtihani. Basi afasiriye asitafute karata, wala asiandike "alifaulu" akaishia hapo, maana atakuwa amempunguzia mwenziwe sifa yake.