Goma: Simba wa filamu anatoka kwenye balo, gorila wa mbao anangoja mnunuzi

Katika soko la Birere, karibu na mpaka wa Gisenyi, balo ya nguo za watoto ikifunguliwa asubuhi, mikono inakimbilia kwanza zile zenye picha. Simba mdogo wa The Lion King, Spider-Man, Elsa wa Frozen: fulana yenye mtu wa filamu haikai chini muda mrefu. Mama anatazama bei na ugumu wa kitambaa, lakini mtoto anataka simba tu.

Nguo kama hizo huwa zimenunuliwa mpya Ulaya ao Marekani, zingine katika maduka ya zawadi ndani ya viwanja vya burudani vya Disney, ambako wageni wanatafuta ukumbusho wa filamu wanazozipenda. Mwenye nayo akikua, inaingia kwenye balo.

Kimoja cha viwanja hivyo kingemshangaza mkaaji wa Goma. Ni Disney's Animal Kingdom, karibu na Orlando, Florida, kilichofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Ndani yake kumejengwa mji wa kuigiza uitwao Harambe, kwa mfano wa miji ya pwani kama Lamu ya Kenya. Duka la zawadi linaitwa Mombasa Marketplace. Lingine liliitwa Duka La Filimu, na ndivyo walivyoliandika. Mtu wa Kivu aliyehamia Marekani anasoma vibao hivyo bila mkalimani, kitu ambacho wageni wengi wanaopita hapo hawawezi.

Maneno yetu yenyewe yamekuwa bidhaa. Kunako mwaka wa 1994, filamu The Lion King ilipotoka, Disney iliomba Marekani haki ya kutumia "Hakuna Matata" kama alama ya biashara kwenye nguo, na haki hiyo ikaandikishwa mwaka wa 2003. Mwishoni mwa 2018, Shelton Mpala, raia wa Zimbabwe, alianzisha ombi la kuipinga, na makumi ya maelfu ya watu wakatia sahihi. Sheria hiyo haimkatazi mtu kusema maneno hayo. Inahusu biashara: mshonaji wa Goma akitaka kuuza huko fulana yenye maneno hayo, anaweza kukutana na mawakili. Na hapa Goma, neno matata si la wimbo wa watoto. Ni deni, ni ugomvi, ni risasi za usiku.

Mji huu nao una filamu iliyozunguka dunia. Ni Virunga, ya Orlando von Einsiedel, iliyotoka mwaka wa 2014 na kuwania tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Ilionyesha walinzi wa mbuga, na gorila yatima wa kituo cha Senkwekwe, Rumangabo. Mmoja wao, Ndakasi, aliokotwa mwaka wa 2007 akiwa bado mtoto mchanga, ameshikilia maiti ya mama yake. Alikufa tarehe 26 Septemba 2021, mikononi mwa mlezi wake André Bauma. Picha yake ilifika karibu kila nchi, lakini katika mabalo ya Birere si yeye ambaye watoto wanamtafuta.

Anayewakumbusha watu gorila hao hapa Goma ni mchongaji. Gorila wa mbao na chukudu ndogo ndizo zawadi za mji huu, na mnunuzi wake alikuwa mtalii aliyelipa kibali cha dola 400 kuona gorila wa milimani. Mtalii huyo amepotea mara kwa mara. Mwezi wa Mei 2018 Waingereza wawili walitekwa nyara, mlinzi Rachel Masika Baraka akauawa, na mbuga ikafungwa kwa watalii hadi Februari 2019. Mwaka mmoja baadaye ikaja korona. Kisha vita vya M23 vikafika Rumangabo mwaka wa 2022, na Goma yenyewe mwisho wa Januari 2025. Uwanja wa ndege ulifungwa, na benki nazo zikafunga milango.

Wanaobaki kununua ni wafanyakazi wa mashirika ya misaada, na msafiri anayevuka kwenda Gisenyi. Hao wanachagua vidogo, vinavyoingia kwenye begi. Mchongo mkubwa, uliokula siku nyingi za kazi, unabaki kando ya barabara na vumbi lake.